Walioko wingu hawaoni kalenda za wenzao wa seva ya Kigoma, mistari mitupu tu. Ni njia, cheti au saa?

#1 MwamgongoNet
Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wanaoijua Exchange ya haibridi, yaani mfumo wa barua na kalenda wa Microsoft ambao masanduku mengine yako kwenye seva za ofisi na mengine wingu (Exchange Online).

Tuna seva mbili za Exchange 2019 CU15 hapa makao makuu, Kigoma mjini. Mbele yake kuna fayawoli ambayo ndiyo inazigawia mzigo. Watu wa Tabora, Nzega na Kasulu wameshahamia Exchange Online. Uongozi na uhasibu bado wako kwenye seva za hapa.

Mtu wa Tabora akipanga kikao kwenye Outlook na kumwalika mhasibu wa Kigoma, upande wa mhasibu unajaa mistari ya mshazari, yaani hakuna taarifa. Mhasibu akimwangalia wa Tabora anaona vizuri, huru hapa, bize pale. Barua zinakwenda na kurudi bila shida. Kinachonitatiza ni kwamba haitokei muda wote. Asubuhi inaweza kuonekana, mchana ikapotea, jioni ikarudi. Hybrid Configuration Wizard, ile programu ya kuunganisha pande hizo mbili, imerudiwa na imemaliza bila kosa. Nianzie wapi?

#2 Isevya_IT
Mwangaluka wakuu. Hiyo ni ile programu maalumu ya haibridi. Microsoft ilitangaza kwamba baada ya 31 Oktoba 2025 ile service principal ya pamoja (utambulisho ambao seva za ndani zilikuwa zinautumia pamoja na Exchange Online) haipokei tena maombi ya kalenda kutoka seva za ndani. Weka apdeti ya Aprili 2025 au ya baadaye kwenye kila seva, halafu endesha

ConfigureExchangeHybridApplication.ps1 -FullyConfigureExchangeHybridApplication

Ukishahakikisha inafanya kazi, irudie skripti hiyo kwa -ResetFirstPartyServicePrincipalKeyCredentials ili kufuta vyeti vilivyobaki kwenye ile ya zamani. Hatua hiyo ya mwisho watu wanairuka, na ndiyo inayofunga mlango wa CVE-2025-53786, ule udhaifu wa usalama wa haibridi.

#3 FundiWaMwanga
Mkuu wa #2, maelezo yako ni sahihi ila ni ya upande mwingine. Programu hiyo inatumika seva ya ndani inapouliza wingu. Mleta uzi anasema upande huo ni mzima, mhasibu anamwona wa Tabora. Uliokufa ni wa wingu kuuliza Kigoma.

Njia yenyewe iko hivi. Outlook ya Tabora inaiuliza Exchange Online. Exchange Online inaona mhasibu hana sanduku huko, inatazama IntraOrganizationConnector, mpangilio unaounganisha wingu na seva za ndani. Ikiwepo na imewashwa, inatumia OAuth (kujitambulisha kwa tokeni, yaani hati ya kidijitali ya muda, badala ya nywila), na OAuth ikikwama hairudi kujaribu njia ya pili. Ikiwa haipo ndipo inakwenda kwenye OrganizationRelationship, mpangilio wa njia ya zamani ya shirikisho. Baada ya hapo inatafuta Autodiscover yenu (huduma inayoelekeza pa kwenda) kwa jina la hadharani, inapewa anwani ya EWS (huduma ya Exchange inayojibu maswali ya kalenda), kisha inagonga EWS kwa mlango 443. Yote hayo yanatoka kwenye vituo vya Microsoft kuja Kigoma. Kompyuta ya Tabora haiigusi seva yenu hata kidogo, kwa hiyo usimpe mtu kazi ya kujaribu ping kutoka Tabora.

Kwenye Exchange Online endesha

Get-IntraOrganizationConnector | fl Enabled,TargetAddressDomains,DiscoveryEndpoint

na

Test-OAuthConnectivity -Service EWS -TargetUri https://mail.domeniyenu/metadata/json/1 -Mailbox mtu.wa.tabora@domeniyenu -Verbose | fl

Tuletee majibu.

#4 Kitete_Seva
Naongezea kwa #3. Tazama TargetAddressDomains kwa makini. Taasisi nyingi zina domeni mbili, ya zamani na mpya. Moja ikikosekana kwenye orodha, wenye anwani kuu ya domeni hiyo hawaonekani na wengine wanaonekana, mtu anadhani tatizo linakuja na kuondoka kumbe linategemea amemwalika nani. Kabla ya kusema ni la vipindi, jaribu mtu yuleyule, mhasibu yuleyule, kwa saa tofauti.

#5 MwamgongoNet
Ahsanteni. Domeni ni moja tu na imo. Connector imewashwa. Nimejaribu kwa mtu yuleyule na bado inakuja na kupotea. Test-OAuthConnectivity saa nyingine inafaulu, saa nyingine inagoma.

#6 UramboTech
Fayawoli. Angalia kama kuna sheria ya kuruhusu nchi moja tu. Watu wanafunga milango wanaruhusu anwani za Tanzania peke yake, wakisahau kwamba anayegonga EWS ni kituo cha Microsoft kilicho nje. Tumia orodha ya anwani ambayo Microsoft inaitangaza kwa Exchange Online, na uipitie mara kwa mara kwa sababu inabadilika. Anwani mpya ikianza kutumika nawe hujaiweka, baadhi ya maombi yanapita na mengine yanakufa. Hapo unapata hilo unaloliita la vipindi.

Jambo la pili kwenye kifaa hichohicho. Kama kinamtaka mtu aingize nywila kabla ya kufika kwenye seva, ondoa kwa njia hizi:

/ews/exchange.asmx
/ews/exchange.asmx/wssecurity
/autodiscover/autodiscover.svc
/autodiscover/autodiscover.svc/wssecurity

Exchange Online haina nywila ya kuingiza, inaleta tokeni. Ikikutana na ukurasa wa kuingia inaondoka.

#7 Gungu4G
Mimi naona laini. Kigoma umeme ukiyumba, au mkongo ukikatika huko njiani, ofisi nyingi zinahamia rauta ya simu. Ingia kwenye rauta ya akiba, soma anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 100.64 mpaka 100.127, uko nyuma ya anwani ya kushirikiana na wateja wengine wa kampuni ya simu, na hakuna mtu wa nje anayeweza kukufikia hata ufungue milango yote.

Hiyo inaeleza kila kitu cha #1. Kutoka ndani kwenda nje kunapita, ndiyo maana mhasibu anamwona wa Tabora. Kutoka nje kuja ndani hakuna njia. Barua zinazotoka nje zikiwa zinapokewa wingu kwanza zinasubiri kwenye foleni na kujaribu tena, laini kuu ikirudi zinashuka, hakuna anayelalamika. Kalenda haisubiri. Swali lake linajibiwa palepale au linakufa palepale.

#8 FundiWaMwanga
#7 umenena. Ila laini ya akiba ikiingia kazini, hata Outlook ya simu za wakubwa wa Kigoma wakiwa nje ya ofisi ingekata. Mleta uzi hajasema hivyo.

#9 Gungu4G
Wakubwa wakiwa ofisini wako kwenye Wi-Fi ya ndani, mkuu. Na aliye nje simu yake ikichelewa kuleta barua kwa nusu saa anailaumu bando. Kitakachokata shauri ni logi, hisia zetu tuziweke kando.

#10 Kitete_Seva
Basi logi. Kwenye kila seva fungua C:\inetpub\logs\LogFiles\W3SVC1, tafuta neno ASProxy. Exchange Online ikija kuuliza kalenda inajitambulisha ASProxy/CrossForest/EmailDomain, na ikija kutafuta Autodiscover ni ASAutoDiscover/CrossForest/EmailDomain. Kwa PowerShell:

Select-String -Path C:\inetpub\logs\LogFiles\W3SVC1\*.log -Pattern "ASProxy"

Tahadhari mbili. Kwanza, logi za IIS (seva ya wavuti inayoibeba Exchange) zinaandikwa kwa UTC, sisi tuko saa 3 mbele. Mtumiaji akikuambia "saa nane na dakika ishirini mchana", kwenye kompyuta ni 14:20 na kwenye logi utafute 11:20. Hapo ndipo watu wanasoma mistari isiyohusika na kutoa hukumu. Pili, angalia njia yenyewe. Ukiona /ews/exchange.asmx pekee, ni OAuth. Ukiona /wssecurity mwishoni, Exchange Online imetumia ile njia ya zamani ya shirikisho, na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa.

#11 NzegaAdmin
Hapo kwa /wssecurity nakazia. Kama ndiyo njia inayotumika na inagoma, zima na washa tena kwenye seva husika:

Set-WebServicesVirtualDirectory "SEVA\EWS (Default Web Site)" -WSSecurityAuthentication $false
Set-WebServicesVirtualDirectory "SEVA\EWS (Default Web Site)" -WSSecurityAuthentication $true

Fanya hivyohivyo kwa Set-AutodiscoverVirtualDirectory, halafu iisreset. Amri inaweza kuonyesha True huku mpangilio wa ndani ya IIS umeharibika, kwa hiyo kusoma True peke yake hakutoshi.

#12 MwamgongoNet
Nimepitia logi za wiki hii, nawawekea nilichokiona.

Seva ya kwanza: njia ni /ews/exchange.asmx, mstari wa 401 halafu wa 200, jozi kwa jozi.
Seva ya pili: kuna saa inatoa 401 halafu 200, na kuna saa inatoa 401 halafu 401.
Jumatano kati ya 11:20 na 12:05 za logi hakuna ASProxy hata moja kwenye seva zote mbili, wakati Tabora walikuwa wanajaribu kupanga kikao.

Hizo 401 za seva ya kwanza zinanitia wasiwasi pia.

#13 FundiWaMwanga
401 ya kwanza isikutie wasiwasi. Exchange Online inakuja na tokeni tupu kwanza, seva inajibu 401 na kueleza inamwamini nani, ndipo tokeni ya kweli inaletwa na jibu linakuwa 200. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Cha kuogopa ni 401 ya pili. Seva yako ya pili kuna wakati inaikataa tokeni ya kweli.

#14 Gungu4G
Na hizo dakika 45 za Jumatano bila ombi hata moja? Seva haiwezi kukataa kisichoifikia. Hiyo ni njia, nilisema #7.

#15 UramboTech
Au fayawoli ilikataa mlangoni, #6. Logi ya fayawoli ndiyo itakayowatenganisha wewe na mimi. Kama maombi ya 443 kutoka anwani za Microsoft yalikataliwa saa hiyo, ni mimi. Kama hayakufika kabisa, ni wewe.

#16 Isevya_IT
Kwa seva ya pili nafikiria cheti cha OAuth, kile kinachoitwa Microsoft Exchange Server Auth Certificate. Umri wake ni miaka 5. Wengi waliofunga Exchange 2019 mapema kimeshawaishia.

Get-ExchangeCertificate (Get-AuthConfig).CurrentCertificateThumbprint | fl NotAfter,Thumbprint

#17 Kitete_Seva
Kukitazama ni vizuri, ila hakihusiki na upande huu. Cheti hicho seva ya ndani inakitumia kutia sahihi tokeni zake inapokwenda wingu. Tokeni zinazokuja kutoka wingu zimetiwa sahihi na Microsoft, seva inazihakiki kwa taarifa iliyo chini ya Get-AuthServer. Tena kwa seva zenye apdeti za tangu Julai 2021, cheti hicho kikiisha hata OWA (barua kwa kivinjari) na ECP (ukurasa wa usimamizi) hazifunguki. Ungeshapigiwa simu na ofisi nzima.

Kwa tokeni zinazokuja, angalia haya kwenye seva ya pili:

Get-WebServicesVirtualDirectory | fl Server,OAuthAuthentication,WSSecurityAuthentication
Get-AuthServer | fl Name,Enabled,AuthMetadataUrl

na ukitaka kuvuta upya funguo za Microsoft:

Get-AuthServer | Set-AuthServer -RefreshAuthMetadata

#18 NzegaAdmin
Vipi Extended Protection, ile kinga inayofunga uhakiki wa mtumiaji kwenye muunganisho wake wa TLS (uliosimbwa)? Seva moja imewashwa nyingine haijawashwa, na fayawoli inafungua TLS katikati.

#19 Kitete_Seva
Hiyo inagusa NTLM na Kerberos (njia za Windows za kuhakiki watumiaji), tokeni za OAuth haiziwekei kizuizi. Ingekuwa hiyo, Outlook za ndani Kigoma zingeomba nywila bila kukoma kila zikiangukia seva hiyo. Lakini kwa kuwa umeitaja: ukiiwasha, fayawoli isiishie kufungua TLS na kupeleka HTTP tupu nyuma. Ifungue na kufunga tena kwa cheti kilekile kilicho kwenye Exchange.

#20 Katubuka_Umeme
Nimewasoma wote, hakuna aliyeuliza saa ya seva. Tokeni ina muda wa kuanza na wa kuisha, na uvumilivu ni kama dakika 5. Seva ikiwa nyuma au mbele kupita hapo inaikataa tokeni halali kabisa, nawe unapata 401 halafu 401.

Seva ya pili iko kwenye mashine gani ya chini? Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, UPS ikafa, mashine ikazima kabisa, betri ya CR2032 kwenye ubao ikiwa imechoka inawaka na saa ya uongo. Hyper-V (programu inayoendesha seva pepe) inaisukuma saa hiyo ndani ya seva pepe mpaka saa ya domeni ije kuirekebisha. Hapo katikati kalenda imekufa. Ndiyo maana inakuja na kupotea. Betri nzima inapima karibu volti 3. Ikishuka chini ya 2.7 hivi badilisha tu, haina gharama.

w32tm /query /source
w32tm /monitor

Ukiona VM IC Time Synchronization Provider au Local CMOS Clock kwenye seva ya Exchange, umeshapata pa kuanzia. Exchange isome saa kutoka domeni, mwenye PDC (seva inayoongoza saa ya domeni) asome kutoka NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) ya nje, na ule usawazishaji wa saa wa Hyper-V uuzime kwa seva hizo.

#21 FundiWaMwanga
Saa ikikosea hivyo Kerberos nayo ingekataa, mpaka wake ni dakika 5 hizohizo. Watumiaji wa ndani wangelia.

#22 Katubuka_Umeme
Ikiwa seva moja imekosea peke yake, kweli. Lakini PDC ikikosea, wote wanaifuata. Exchange, kompyuta za ofisini, wote wamechelewa pamoja, na Kerberos inalinganisha wao kwa wao tu. Ndani kila kitu kinakwenda. Anayegundua ni Microsoft aliye nje mwenye saa sahihi. Kosa la aina hii hukaa muda mrefu bila kuonekana, kwa hiyo usilipime kwa kuuliza watu wa ofisini. Pima kwa chanzo cha nje:

w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:5 /dataonly

#23 MwamgongoNet
Nimepima. Seva ya kwanza iko sawa, tofauti haifiki sekunde moja. Seva ya pili iko nyuma kwa dakika 4 na sekunde kadhaa, na chanzo chake ni VM IC Time Synchronization Provider. OAuthAuthentication ni True kote. Rauta ya akiba anwani ya nje inaanza na 100.7x. Logi ya fayawoli ya Jumatano imeshafutwa, inatunza siku moja tu.

#24 Gungu4G
100.7x ni ileile niliyosema #7. Mnaona.

#25 FundiWaMwanga
Dakika 4 haijafika 5, mkuu wa #20.

#26 Katubuka_Umeme
Leo ni 4. Siku umeme ulipokatika ilikuwa ngapi? Aifuatilie kwa wiki, aandike tofauti kila saa kwenye faili, halafu alinganishe na 401 za pili. Zikipanda pamoja tutajua.

#27 Kitete_Seva
Kipimo kingine cha haraka: kwenye fayawoli iondoe seva ya pili kwenye mgawo kwa siku nzima ya kazi, EWS na Autodiscover zote mbili. Usitumie faili la hosts, anayeuliza yuko nje, haisomi. Kama 401 mbili zinapotea na mistari ya mshazari inapotea, seva ya pili ina kesi. Kama mistari inabaki wakati laini ya akiba ipo kazini, Gungu ana kesi yake. Inawezekana kabisa ni vyote viwili.

#28 UramboTech
Na fayawoli aiongezee muda wa kutunza logi, siku 30 angalau. Mimi kesi yangu sijaiondoa.

#29 SikongeMail
Kwa laini ya akiba kuna dawa: Hybrid Agent. Inafungwa kwenye seva ya ndani, yenyewe ndiyo inayotoka kwenda nje kwa 443, na 80 kwa kuhakiki vyeti, halafu maombi ya kalenda yanarudi kupitia njia iliyoifungua. Haihitaji anwani ya hadharani wala kufungua mlango, kwa hiyo anwani ya kushirikiana haiisumbui. Inachobeba ni kalenda na uhamishaji wa masanduku. Barua haipitishi, hybrid modern authentication haipitishi. Na seva iliyotangazwa kupitia agent usiiwashie Extended Protection kwenye EWS ya mbele, agent itakwama.

#30 NzegaAdmin
Kuna swali la pembeni. Ikishafunguka, watu wa Tabora wataona "bize" tu au na kichwa cha kikao?

#31 Kitete_Seva
Kwa kawaida ruhusa ya Default kwenye kalenda ni AvailabilityOnly, wataona bize tu. Ukitaka kichwa na mahali:

Set-MailboxFolderPermission mhasibu:\Calendar -User Default -AccessRights LimitedDetails

Jina la folda linafuata lugha ya sanduku, kwa hiyo likikataa, tafuta jina halisi kwa Get-MailboxFolderStatistics mhasibu -FolderScope Calendar. Waulize wenyewe kabla ya kufungua. Kichwa cha kikao cha nidhamu au cha matibabu kinasomeka na kila mtu kwenye taasisi.

#32 Isevya_IT
Mimi ningewahamisha wote wingu tumalize. Mnahangaika na betri za ubao mwaka huu. Msaada wa Exchange 2016 na 2019 uliisha 14 Oktoba 2025, na EWS ya Exchange Online yenyewe Microsoft imetangaza kuanza kuizima Oktoba 2026.

#33 MwamgongoNet
Masanduku ya uhasibu ni makubwa, na laini yetu mchana inabeba mfumo wa malipo. Kuhama kutakuja, ila si mwezi huu. CU15 kwenda SE (toleo jipya la Exchange) tutaifanya kwanza, inawekwa juu ya iliyopo bila kujenga seva mpya.

Kuanzia kesho seva ya pili inatoka kwenye mgawo, usawazishaji wa Hyper-V unazimwa Ijumaa jioni ili nisichanganye vipimo viwili, na saa inaandikwa kwenye faili kila saa. Fayawoli nimeiweka siku 30.

#34 Gungu4G
Na siku moja ichomoe laini kuu kwa makusudi, saa nne asubuhi Tabora wakiwa kazini. Kwenye logi utafute 07:00. Ukifika Tabora kuangalia skrini zao turudishie asali.

#35 Isevya_IT
Asali mnaitaka, migebuka hamtumi. Nitakuwa kwenye skrini hiyo saa nne, nitawawekea picha ya ninachokiona. Bado nasema aendeshe skripti ya #2, siku upande wa pili ukigoma msiniulize.

#36 FundiWaMwanga
Aiendeshe, hilo hatubishani. Mleta uzi, kitu kimoja kabla hujachomoa laini: TTL (muda ambao jibu la DNS linahifadhiwa) ya jina la mail na la autodiscover kwenye DNS ya hadharani ni ngapi? Kama kuna kitu kinachobadilisha anwani hizo laini ikihama, na TTL ni sekunde 3600, basi hata laini kuu ikirudi Exchange Online inaweza kuendelea kugonga anwani mfu kwa saa nzima. Na hizo dakika 45 za Jumatano zinaingia humo vilevile.